Siku Moja Maishani Mwangu: Kurasa za Hitilafu za Tovuti ya Lamu

Saa mbili asubuhi nimo ofisini, mtaa wa Langoni mjini Lamu, nikisoma kumbukumbu za seva ili nijue ni anwani zipi zilizoombwa usiku zikajibiwa 404, namba ambayo seva hujibu nayo isipopata kilichoombwa. Tovuti tunayoitunza ina nyumba za wageni, habari za mji, ratiba ya matukio, picha na nyaraka, na hadi sasa aliyekosa chochote kati ya hivyo huletewa ukurasa uleule mmoja, jambo ninaloliona ni kumwacha mgeni njia panda; ndiyo maana naitengenezea kila aina ukurasa wake wa hitilafu.

Saa tatu anapiga simu mwenye nyumba mmoja wa Shela. Baada ya shikamoo na marahaba ananiambia, “Mwanangu, mgeni wangu ameambiwa nyumba yangu haipo, nami niko hapa barazani.” Nyumba ilibadilishwa jina na anwani ikabadilika nalo. Hapo hakuhitajiki ukurasa wa hitilafu hata kidogo, bali jibu la 301 linalompeleka msomaji kwenye anwani mpya, nami naliweka papo hapo.

Kuanzia saa nne hadi adhuhuri natengeneza kiolezo, yaani umbo la ukurasa wa hitilafu, cha nyumba za wageni. Nyumba iliyofungwa moja kwa moja hujibiwa 410, namba ya kilichoondolewa kabisa, na kiolezo chake huonyesha nyumba nyingine za mtaa uleule, kwa sababu aliyetaka kulala Shela karibu na ufuo hasaidiki kwa kuonyeshwa mtaa wa Mkomani ulio mjini. Anayekosa habari hupewa kisanduku cha kutafutia pamoja na habari mpya za mada ileile. Ama ukurasa wa Maulidi ya mwaka uliopita, huo haujakosekana. Unabaki ukijibu 200, namba ya ukurasa uliopatikana sawasawa, ukiwa na kiungo cha ratiba mpya.

Sharti nisilolilegeza ni kwamba ukurasa wa hitilafu, hata ukipendeza vipi, lazima utoke na namba yake ya kweli, kwani ukitoka na 200 injini za utafutaji huweza kuudhania kuwa maudhui halisi. Katika Apache, programu ya seva, agizo la ErrorDocument, linalotaja ukurasa wa kuonyeshwa hitilafu ikitokea, likipewa anwani kamili yenye jina la tovuti, msomaji huelekezwa kwingine na 404 hupotea. Ndiyo maana naandika njia inayoanza na mkwaju (/), bila jina la tovuti.

Saa nane, baada ya swala na chakula, nashughulikia picha na data. Picha iliyokosekana hujibiwa kwa picha ndogo, ikibaki na 404 yake, na programu ya simu inayoomba ratiba kwa JSON, muundo wa data unaosomwa na programu, hujibiwa kwa JSON fupi, kwa kuwa ukurasa mzima wa HTML, uliopangwa kwa macho ya msomaji, hauna faida kwake.

Saa kumi ni zamu ya 500, seva ikipata hitilafu yenyewe, na 503, huduma isipopatikana kwa muda. Hizi naziandika kama faili za kawaida zisizogusa hifadhidata, maana hifadhidata ikianguka, kiolezo kinachoitegemea huanguka nayo. Kwenye 503 naongeza kichwa cha Retry-After, mstari unaotangulia jibu la seva, kinachoeleza baada ya muda gani ombi lirudiwe.

Saa kumi na moja najaribu anwani mbovu za kila aina, moja baada ya nyingine, nikikagua namba kwanza na sura baadaye. Zilizobaki ni nyaraka za kupakua, ambazo kiolezo chake nitakianza kesho.