Vidole Vinne Begani
Kwa muda wa mwaka mzima nimekuwa nikiandika riwaya ya mafumbo kwa ajili ya vijana, na sura iliyonishughulisha kuliko zote ni ile ambamo msichana wa miaka 16, akitafuta cheti chake cha kuzaliwa katika kabati la mama yake, anakuta picha iliyokatwa kwa mkasi. Pichani yumo yeye mwenyewe akiwa na umri wa miaka mitatu hivi, na upande wa kushoto umeondolewa kwa mkato ulionyooka. Mtu aliyesimama kando yake hayupo, lakini vidole vyake vinne vimebaki, vimelala juu ya bega la mtoto. Aliyeshika mkasi asingeweza kuviondoa vidole hivyo bila kulikata bega lenyewe, na hakuwa tayari kulikata.

Picha hiyo ndiyo iliyonionyesha aina hii ya riwaya inadai nini kwa mwandishi wake. Katika hadithi nyingi za upelelezi mpelelezi ni mgeni: anaitwa, anahoji, anamtaja mhalifu, kisha anakwenda zake. Kijana anayechunguza siri ya familia yake hana pa kwenda, kwa kuwa anapeleleza nyumba anamolala, na washukiwa wake ndio wale wale wanaomwamsha asubuhi na kumuuliza kama amekula. Ndiyo maana naamini kwamba siri lazima iwe na mlinzi anayempenda huyo anayefichwa, na kwamba upendo huo uonekane ndani ya ushahidi wenyewe, mahali pale pale uongo ulipo. Riwaya ambayo mzazi anaficha kwa sababu tu ni mtu mbaya hunichosha kabla sijafika katikati, hata kama fumbo lake limesukwa kwa ustadi.

Nilipokuwa nikitafuta namna ya kuyaelewa mambo haya, nilirudi kwa Erik Erikson, mwanasaikolojia aliyelipa jina lile pambano la ujanani la kutaka kujua mtu ni nani na anasimama wapi. Maisha yake mwenyewe yangetosha kuwa riwaya. Alizaliwa Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1902, akalelewa akiaminishwa kwamba mume wa mama yake, daktari wa watoto aliyeitwa Homburger, ndiye baba yake mzazi. Hakuwa hivyo, na Erikson alifariki mwaka 1994 bila kumjua baba aliyemzaa. Alipopata uraia wa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1930 alijichagulia jina la Erikson, yaani mwana wa Erik, kana kwamba amejizaa mwenyewe. Hata hivyo hakulitupa jina la yule aliyemlea. Alilibakiza katikati, na kwenye vitabu vyake linaonekana kama herufi moja tu: Erik H. Erikson. Nimeitazama herufi hiyo mara nyingi, nami naiona kuwa ndugu wa vidole vile vinne.

Siku hizi waandishi wengi hukimbilia kipimo cha vinasaba, na bahasha au ujumbe wa simu ukishafika, hadithi inaisha. Ni hasara kubwa, kwa sababu kipimo hicho, kikieleweka vizuri, huzaa mafumbo zaidi kuliko yale kinayoyatatua. Msichana wangu anaambiwa kwamba kuna mwanamume ambaye wanashirikiana naye takriban asilimia 25 ya vinasaba. Kiwango hicho kinaweza kumaanisha ndugu wa mzazi mmoja, mjomba, ami, au hata babu, na sayansi peke yake inamwachia kazi ya kuuliza umri, kutafuta barua, na kukumbuka nani aliacha kuja nyumbani na tangu lini. Kundi la damu nalo ni kidokezo kizuri, ila lina mitego yake. Kwa kawaida wazazi wawili wenye kundi O hawapati mtoto wa kundi B, na wahusika wengi wa riwaya wamevunjikiwa na dunia kwa kanuni hiyo. Lakini mwaka 1952 madaktari wa Bombay, India, walieleza hali adimu ambamo mtu huonekana kuwa O katika vipimo vya kawaida huku akibeba urithi wa A au B na kuweza kumrithisha mwanawe. Mwandishi anayelijua hilo anaweza kumfanya kijana amtuhumu mama yake bure, na tuhuma ya namna hiyo, hata ikifutwa, huacha alama mezani pa familia kwa sura kadhaa.

Katika muswada wa kwanza nilimaliza kwa jina la baba. Nililiandika, nikaweka nukta, na nilipousoma tena nikaona kwamba nimemwacha msichana mlangoni, akiwa na jina mkononi na hajui la kulifanyia. Sura iliyokosekana ilikuwa ile ya baada ya ugunduzi, ambamo anapaswa kuzipitia upya kumbukumbu zake zote, hata zile za furaha, na kuamua zipi bado ni zake.

Sasa ninaiandika sura hiyo. Msichana anaiweka picha mezani, na swali lake la kwanza halimhusu mtu aliyekatwa. Anamuuliza mama yake kwa nini aliviacha vidole. Mama bado hajajibu. Sentensi yake nimeiandika mara nne, na kila mara imekuwa ndefu kuliko anavyoweza kusema mtu aliyenyamaza kwa miaka 13.