Siku moja ya bibi shamba: watoto 38 na mzee wa mkonge

Saa 11 alfajiri simu inalia. Mkulima wa kule bondeni ameona viwavijeshi vamizi kwenye mahindi yake. Anaeleza vizuri kabisa: majani yametoboka, na kwenye moyo wa mmea kuna kinyesi kama unga wa mbao. Namwambia leo sitafika. Inaniuma kumwambia hivyo, maana anajua na mimi najua kwamba kiwavi hangoji. Lakini leo ni siku ya shule.

Mimi ni afisa ugani wa kata moja wilayani Muheza, Tanga. Watu huniita bibi shamba. Wengi wanadhani kazi yangu ni kupita na pikipiki nikiwahimiza wapande kwa mistari. Kila muhula nina siku moja ambayo haimo kwenye taarifa yangu ya mwezi: nachukua watoto wa kidato cha kwanza, wa miaka 13 au 14, nawazungusha waone ni kazi ngapi zimejificha ndani ya neno kilimo.

Saa 1:30 niko shuleni. Mbele ya ofisi ya walimu watoto tisa waliochelewa namba wanalima. Ndiyo adhabu yao. Nimemwomba mwalimu wa zamu, kwa heshima, leo awape adhabu nyingine. Amenijibu taratibu kwamba nyingine ni fimbo. Sikuwa na la kusema. Mtoto akichelewa, jembe. Akipiga kelele, jembe. Halafu mimi naingia darasani na tabasamu kumwambia hapo kwenye jembe kuna maisha!

Nikagawa vikaratasi: andika kazi unayoitaka. Madaktari 14, wanajeshi 9, marubani, walimu, mwanasheria mmoja. Huyo mwanasheria alikuwa ameandika kwanza "mkulima", akakata kwa mistari miwili.

Saa 3 tulitakiwa tuwe barabarani. Dereva wa Coaster tuliyoikodi akasema yuko njiani. Saa 3:40 bado yuko njiani. Jua limeshapanda, watoto wamepangwa kwenye mstari, na hapo akatokea mzee akisukuma baiskeli yake, akaja moja kwa moja kwangu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nimemfuata binti yangu. Haendi."

Nilimuuliza kwa nini. Hakunijibu kwa maneno, alifungua kiganja. Kilikuwa kigumu kama ganda la mnazi, na kwenye kifundo cha kidole gumba palikuwa na kovu la mwiba. "Nimekata mkonge tangu kijana," akasema. "Majani 30 fungu, majani 30 fungu, maji yake yanakuwasha mpaka usiku. Nimeuza mbuzi ili huyu asishike panga. Leo wewe msomi unakuja kumrudisha?"

Nilimweleza kuhusu maabara, kuhusu mafundi wa mitambo. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akarudia neno lake lile lile: haendi. Nikamweleza tena. Nilitaja udongo, nilitaja mshahara wa serikali. Akaniuliza kama mimi wanangu watalima. Nikasema wakitaka. Akasema, "Umeona? Wakitaka." Mwalimu wa taaluma akaja kunisaidia, akaharibu zaidi, kwa sababu alimwambia mzee haelewi. Mzee anaelewa. Anaelewa mkonge kuliko sisi wote tuliosimama pale, na hilo ndilo lililonifanya nishindwe kumkasirikia ingawa koo lilikuwa limenikauka na gari halijaja na watoto 37 walikuwa wanatuangalia. Binti mwenyewe alikuwa ameinamisha kichwa, anachora chini kwa kidole cha mguu.

Saa 4:35 gari likafika. Nikamwambia, "Mzee, basi twende wote. Kama hutapenda utakachokiona, mrudishe." Aliegemeza baiskeli kwenye mwembe, akakaa kiti cha mbele, hakusema neno njia nzima.

Kwanza shamba la michungwa. Tumetundika mitego ya nzi wa matunda: chupa za maji zilizotobolewa, ndani pamba yenye kivutio na sumu kidogo. Wanaonaswa ni madume. Jike akikosa dume, mayai anayoyataga chini ya ganda la chungwa hayatoi funza. Niliwapa watoto chupa moja na kibao cha kuandikia. Waliziba pua, kisha wakaanza kubishana juu ya hesabu, kundi hili linasema 131, lile 137, wakamwaga tena wote wahesabu upya. Ilikuwa 137. Nikawaambia kuna watu kazi yao ni hiyo, kusoma wadudu, na mkulima wa machungwa analala usingizi kwa sababu yao.

Kijana wa kitaluni akawaonyesha kubebesha, yaani kuunganisha mti mmoja juu ya mwingine: jicho la mchungwa, kisu, mche wa limau, kipande cha nailoni. Analipwa kwa mche. Mikono yake haitetemeki hata kidogo.

Mlingano, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo, tulifika mchana umeshachoka, tumekula andazi moja moja tu. Nimesoma chuo cha kilimo hapo hapo, na kila nikipita getini hunijia fahari ileile. Mtaalamu wa udongo aliwapokea vizuri. Kwenye mkonge akawaeleza kuhusu chotara 11648, aina iliyozalishwa huku huku Muheza kwa kuchanganya uzazi wa mimea ya jamii ya mkonge, na leo inalimwa hadi Uchina. Idadi ya majani inayotoa ni mara mbili ya mkonge wa kawaida na zaidi. Mtoto akauliza kwa nini basi wasikate yote kwa mara moja.

Kabla mtaalamu hajajibu, mzee akajibu. "Unakata ya chini. Ya juu unaacha. Ukimaliza yote mkonge unakufa njaa." Akachutama, akawaonyesha kwa kiganja jani lilipo tayari na lisilo tayari, pembe yake na shina. Mtaalamu akasema ni kweli, jani ndilo linalopika chakula cha mmea. Watoto wakamzunguka mzee. Wakamuuliza maswali mengi kuliko waliyoniuliza mimi siku nzima. Binti yake alisimama nyuma kabisa, ameinua kichwa.

Sikumbuki ilikuwa saa ngapi tuliporudi. Giza lilikuwa linaingia, watoto nyuma wanaimba, miguu yangu imevimba ndani ya viatu. Mzee alichukua baiskeli yake. "Binti yangu atakuwa daktari," akaniambia. "Hilo sibadilishi." Nikamwambia sawa mzee, Mungu amjalie. Akampakia nyuma, wakaondoka.

Nyumbani nimesoma vikaratasi vya jioni nikiwa nimeloweka miguu kwenye maji ya chumvi. Madaktari sasa 12. Mmoja anataka kuwa fundi wa kubebesha. Mmoja anataka "kupima udongo". Mwingine, mwandiko wake mbaya sana, ameandika: "Anayehesabu nzi analipwa?" Nimemwandikia chini yake kwamba ndiyo, ila ashike sana Bayolojia na Kemia, na aje aniulize nitampa njia yote.

Kisha nimempigia yule mkulima wa mahindi. Hakuwa amelala. Tumekubaliana nifike kesho saa 12 asubuhi, jua likiwa bado dogo, kabla viwavi hawajajificha ndani ya moyo wa mmea. Nimejaza mafuta kwenye pikipiki usiku huu huu.