Mraba Mmoja Badala ya Nakala Nane

Programu niliyoirithi pale maabara ilipima joto la tanuri kwa vihisi vinane vya aina ya K, yaani nyaya mbili za metali tofauti zilizounganishwa, zinazotoa volti ndogo kadiri joto linavyobadilika. Ilichorwa kwa LabVIEW, lugha ya kutengeneza programu kwa michoro, ambako huandiki mistari ya maagizo. Unapanga visanduku na kuviunganisha kwa waya, na kila kisanduku husubiri data zake zote ziingie ndipo kifanye kazi. Hesabu ya kihisi cha kwanza ilikuwa nzuri sana. Shida ni kwamba ilikuwa imenakiliwa mara saba, mchoro ukatanda hadi nje ya skrini.

Siku hiyo kihisi cha tano kilisoma chini kuliko jirani zake. Nilifuata waya mmoja mmoja mpaka nikaona: nakala zote ziliongeza fidia ya joto la pale nyaya za kihisi zinapoingia kwenye kifaa, isipokuwa hiyo. Kihisi cha K hutoa kama milivolti 0.041 tu kwa kila nyuzi moja, na bila fidia hiyo jibu hupungua kwa kiasi kinachokaribia joto la chumba.

Kurekebisha nakala moja kungechukua dakika chache. Nilikataa. Niliizungushia kipanya hesabu ya kwanza, nikachagua amri ya kutengeneza subVI, yaani programu ndogo inayoitwa ndani ya programu kubwa, na kipande chote kikageuka ikoni moja yenye waya zake.

Wengi huishia hapo, nami naona ndipo kazi inapoanza. Nilibadilisha majina yaliyojiweka yenyewe, nikachora ikoni inayosomeka, nikaweka njia ya taarifa za hitilafu chini, kushoto zikiingia na kulia zikitoka. Kisha nikaifanya fidia kuwa ingizo la lazima. Asiyeiunganisha, mshale wa kuendeshea programu huvunjika na hakuna kinachokwenda. Kosa la kihisi cha tano halikuwa na pa kupitia tena.

Mzee wetu wa maabara alikuwa amesimama nyuma yangu.

“Kijana, wastani wake unakaa wapi?”

Swali zito hilo. Ndani ya hesabu mlikuwa na kichungi kinachotunza thamani za nyuma ili kulainisha usomaji. SubVI ya kawaida ina eneo moja la kumbukumbu, hata iitwe mahali pangapi. Vihisi vinane vingechangia wastani mmoja, na joto la kimoja lingevuja kwenye usomaji wa kingine.

“Thamani zote zipo pamoja, mzee. Nitazitenga.”

Nilifungua sifa za subVI nikachagua kila mwito uwe na nakala yake ya kumbukumbu, iliyotengwa mapema. Mzee akatumbukiza kihisi kimoja kwenye maji ya moto. Mstari mmoja ukapanda kwenye grafu. Mingine saba haikutikisika, na hapo ndipo nilipofuta nakala za zamani.

Baadaye vihisi viwili vilibadilishwa kuwa vya aina ya N. Mpangilio wa kawaida wa viunganishi vya subVI, pale waya zinapoingia na kutoka, una nafasi 12, na nilikuwa nimeacha kadhaa wazi kwa makusudi. Niliongeza ingizo la aina ya kihisi, lisilo la lazima, K ikiwa chaguo la awali. Vile sita vingine havikuguswa hata waya mmoja.