Kisahani kilichovuka ukuta

Sikukuu ilituachia sahani 12 za karatasi. Nilizinunua kwa ajili ya wageni, nao wakala pilau kwenye sinia kama kawaida yetu. Asubuhi yake mwanangu wa miaka minane akachukua moja akairusha uani. Ikapinduka palepale, ikatua kwenye beseni la nguo.

"Mama, mbona haiendi?"

Nikamwita pamoja na mpwa wangu wa miaka sita, tukakaa mkekani. Nikawahadithia kwamba hata kule Marekani mchezo huu wa kurusha kisahani, frisbee, una asili ya jikoni: mwaka 1937 kijana aitwaye Fred Morrison na mchumba wake walikuwa wakirushiana mfuniko wa bati la bisi. Ulipobonyea wakachukua bati la kuokea keki. Siku moja wako ufukweni, mtu akataka kulinunua kwa senti 25, na dukani lilikuwa senti 5 tu. Mwanangu alichoshika ni hizo senti. "Na sisi tuuze!"

Tukapika uji mzito wa ngano, gundi ileile niliyogandishia tiara utotoni. Tukagandisha sahani mbili uso kwa uso, tukazilaza chini ya kibao cha chapati mpaka zikakauka. Kisha tukaweka kikombe cha chai katikati, tukachora duara, tukalikata kwa mkasi. Kikabaki kisahani kama bangili kubwa.

Bado kilikuwa kinayumba. Mpwa wangu, ambaye nia yake ilikuwa kukipamba, akazungushia selotepu nyekundu ukingoni, mara tatu, ulimi nje kwa kujitahidi. Mwanangu akarusha. Kikatoka mlango wa jiko, kikaenda kimenyooka mpaka kwenye mwarobaini. Tukahesabu: hatua 14!

Hapo ndipo nilipofurahi kuliko wao, maana aliyepata jibu ni mtoto. Uzito ukiwa ukingoni, kisahani kikishazunguka hakichoki upesi, na kikiendelea kuzunguka hakipinduki. Ni kama pia ya kuchezea: husimama kwa sababu inazunguka, ikipungua kasi inalala.

Kazi iliyobaki ni mkono. Watoto hurusha kutoka begani, kama jiwe la kuangulia embe. Nikamshika mwanangu mkono: kidole gumba juu, vidole vingine chini, mkono uukunje kuelekea tumboni, kisha uufyatue kama anayetupa karata mkekani. Nguvu zitoke kwenye kifundo. Alipoelewa, kikavuka ukuta.

Akazunguka kwa jirani kupiga hodi. Nikasikia "Shikamoo, bibi", kisha kimya. Dakika kumi hajarudi. Nikapanda kwenye kigoda nichungulie. Bibi kasimama katikati ya ua, kanga ameifunga kiunoni, kisahani mkononi, na mwanangu anamnyoosha vidole kimoja kimoja.

"Gumba juu, bibi. Juu."