Pua Yangu na Vitunguu vya Pilau

Nilijua siku ya nne ya mafua. Nakaanga vitunguu vya pilau, binti yangu akaja mbio kutoka uani: "Mama, vinaungua!" Na mimi nimevisimamia, sisikii harufu yoyote. Pua haikuziba, pumzi inapita. Nikafungua kopo la bizari nzima, nikaingiza pua: kama nanusa maji.

Ilikuwa Julai 2021, nikapimwa, ni Korona. Homa iliondoka baada ya wiki, harufu haikurudi. Daktari akanieleza kuwa virusi hivi hushambulia zaidi seli zinazozihudumia neva za kunusia kuliko neva zenyewe, ndiyo maana wengi hupona, ila taratibu. Akanipa zoezi: kunusa waridi, mkaratusi, limau na karafuu, asubuhi na jioni, kila kimoja kama sekunde 20, kwa miezi mitatu au zaidi. Zoezi hilo lilianzia Ujerumani, kwa Profesa Thomas Hummel wa Dresden. Nikacheka. Mtu wa Tanga nimetumwa karafuu na Mjerumani! Marashi mawaridi yalikuwa kabatini tangu harusi ya mdogo wangu; nilichonunua ni mafuta ya mkaratusi tu.

Kilichonitisha ni gesi. Yenyewe haina harufu, ule uvundo hutiwa makusudi ili ikivuja tujue. Sasa nani atajua? Nikawa nafunga mtungi kila nikimaliza kupika, na kila Ijumaa napaka povu la sabuni kwenye maungio ya mpira. Likitoa mapovu, panavuja. Maziwa na mchuzi wa jana binti ananusa kwanza. Samaki nilimchagua kwa macho na matamvua.

Wiki ya kumi harufu zikaanza kurudi, lakini zimeharibika. Kahawa ikanuka mpira uliochomwa, vitunguu kama mzoga. Hapo ndipo nililia, si mwanzo. Daktari akasema mara nyingi hivyo ndivyo neva zinavyoanza kuota upya, nisiache zoezi. Nikaishi kwa wali uliopoa na mtindi, maana chakula cha moto kinafukiza zaidi.

Karafuu ilirudi Desemba, asubuhi, hafifu, nikadhani najidanganya. Nikamwambia binti afiche vikopo, anipe kimoja nimefumba macho. Nikaipata.

Kahawa nakunywa sasa. Vitunguu bado anakaanga yeye, mimi nakaa uani mpaka atie nyama.