Jinsi nilivyozuia ankara za uongo kwa wateja wangu wa dagaa

Kwa wiki tatu, wateja wangu wa jumla wanaoagiza dagaa kutoka Kibirizi, hapa Kigoma, walikuwa wakipokea kwa barua pepe ankara zinazofanana kabisa na zangu, isipokuwa namba ya kulipia ilikuwa ya mtu nisiyemfahamu. Nilibadilisha nenosiri mara mbili, nikaikagua kompyuta kwa programu ya kuzuia virusi, na mwishowe nikaifuta yote na kuiwekea mfumo upya, lakini ankara hizo hazikukoma.

Ndipo nikakubaliana malipo ya kila mwezi na fundi anayehudumia biashara ndogo kadhaa za hapa mjini, kwa kuwa mshahara wa mtaalamu wa kudumu nisingeumudu. Kompyuta hakuigusa kwanza. Alifungua mipangilio ya barua pepe, akashuka hadi sehemu ya kanuni za kuelekeza barua, na hapo tukaona mstari mmoja: kila barua yenye neno "ankara" ipelekwe nakala kwenye anwani iliyotofautiana na yangu kwa herufi moja tu; ndivyo tapeli alivyozipata ankara zangu za kuiga. Kanuni ya namna hiyo ni mpangilio wa akaunti unaokaa kwenye seva, yaani kompyuta ya kampuni inayotoa huduma ya barua pepe, wala si kwenye kompyuta yangu, ndiyo maana si nenosiri jipya wala kuifuta kompyuta kulikoiondoa.

Aliifuta, akaweka nenosiri jingine, akaviondoa vifaa vyote vilivyokuwa vimeingia kwenye akaunti, kisha akawasha uthibitishaji wa hatua mbili, yaani anayeingia hudaiwa uthibitisho mwingine zaidi ya nenosiri. Mimi niliwapigia simu wateja mmoja mmoja kuwathibitishia namba sahihi, na tangu hapo hakuna aliyepokea ankara ngeni.