Takwa Hatuendi kwa Saa

Mimi hubuni tovuti, na jinsi ya kuchagua programu ya kuzichorea nilifunzwa na nahodha mmoja. Februari iliyopita nilikaa naye barazani kwake, Langoni, mjini Lamu, laptopu nimeipakata. Ana mashua ya kupeleka wageni kwenye magofu ya Takwa na kisiwa cha Manda Toto, na mwanawe aliyeko Mombasa alimshauri afunguliwe tovuti, aache kugawana nauli na mawakala wa gatini. Nilimfungulia ukurasa niliokuwa nimeupamba kwa siku nne: samawati, picha ya tanga lililojaa upepo, vitufe vyenye kivuli. Akautazama, akatabasamu.

"Mzuri, mwanangu. Ila samawati hii ifanye ya bahari ya kaskazi, hii ni ya kusi."

Tukazungumza rangi saa nzima. Nikarudi nyumbani moyo mzito, maana nilijua ukurasa ameutazama tu, hakuusoma.

Kesho yake nikampelekea ukurasa uleule nimeuchora upya: visanduku na mistari ya kupindapinda kama ya penseli, bila rangi wala picha. Ndiyo wayafremu, yaani mifupa ya tovuti kabla ya nyama. Safari hii akashusha kidole polepole, kisanduku kwa kisanduku, mpaka kwenye fomu ya kuagizia safari, pale nilipoandika "Kuondoka: saa 3 asubuhi".

"Saa hii ameiweka nani?"

"Mimi, Nahodha."

"Takwa hatuendi kwa saa, mwanangu. Twaenda kwa maji."

Mimi ni mtoto wa Lamu na nilipaswa kulijua hilo. Mkono wa bahari unaoingia Takwa unapita katikati ya mikoko. Maji yakijaa unafika, yakitoka unakaa kwenye tope unawahesabu kaa. Na kila siku maji hujaa yamechelewa kama dakika 50 kuliko jana yake. Kwa hiyo fomu haiwezi kuwa na saa isiyobadilika. Mgeni achague tarehe kwanza, kisha saa itoke kwenye jedwali la maji. Fomu nzima ikabadilika pale pale barazani, na kuibadilisha kulinichukua dakika kumi kwa sababu vilikuwa ni visanduku tu. Ningekwisha kuandika msimbo wa tovuti yenyewe, ingekuwa kazi ya siku mbili.

Tangu hapo, nikitafuta programu ya kuchorea wayafremu naangalia kwanza kama inauacha mchoro uonekane haujakwisha. Mteja akiona kitu kimepakwa rangi huona haya kukibomoa. Akiona mistari, anasema.

Bei inafuata, na kwetu inafuata kwa karibu sana. Mapato yangu yanafuata wageni, na wageni wanafuata upepo. Desemba hadi Machi kazi zinajaa. Kusi ikiingia na mvua za masika, nyumba nyingi za wageni zinafungwa na simu yangu inanyamaza. Programu ya kulipia kila mwezi haijui kusi. Nilikuwa na moja ya dola 15 kwa mwezi. Januari 2024, dola ilipopita shilingi 160, ikawa inanikata zaidi ya shilingi 2,400. Bei haikupanda hata senti, shilingi yetu ndiyo iliyoshuka. Mei nilipokosa cha kulipa, michoro ya wateja watatu ikabaki ya kutazama tu, siwezi kuhamisha hata mstari. Kazi ya mikono yangu mwenyewe! Jambo hilo liliniuma, na mpaka leo silipii programu yoyote inayozuia faili zangu.

Balsamiq ndiyo iliyowazoesha wabunifu wengi mchoro wa namna hii. Aliianzisha Mwitaliano, Giacomo Guilizzoni, mwaka 2008 baada ya kutoka kampuni ya programu ya Adobe, na kila kitu ndani yake kinaonekana kimechorwa kwa mkono. Mwenye wateja mwaka mzima ningemwambia ailipie bila wasiwasi. Figma, programu nyingine ya kubuni kurasa, ni nzuri pia na ina mpango wa bure, lakini inategemea intaneti, na mtandao ukilala nami kazi yangu inalala. Tena inakuvuta upambe mapema. Jambo jingine: mwaka 2022 Adobe ilitangaza kuinunua Figma kwa dola bilioni 20, na Desemba 2023 mpango ukavunjwa, huku nyuma, XD, programu ya Adobe wenyewe ya kazi hiihii, ambayo wenzangu kadhaa walijifunzia kazi, ikaachwa bila kuendelezwa. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, uliza faili lako utalifungua kwa programu gani siku wenye programu wakibadilisha mawazo.

Ninayoitumia kila siku ni draw.io ile ya kusakinisha kwenye kompyuta. Laptopu yangu ni ya mtumba, RAM giga 4, na inaibeba vizuri. Ni ya bure, haihitaji mtandao, faili linakaa kwenye folda yangu. Ina maumbo ya fomu, menyu na simu, na ukiweka alama kwenye kisanduku cha "Sketch" mistari inapinda kama ya mkono. Mchoro wa nahodha niliumaliza stima ikiwa imekatika, kwa chaji iliyobaki, nikautoa kama PDF na kumtumia mwanawe kwa WhatsApp.

Excalidraw, ubao wa kuchorea kwenye kivinjari, naifungua ninapotaka kuchora haraka mteja akiwa pembeni. Penpot, programu huria iliyotoka Uhispania, naitumia kazi ikiwa ya watu wawili, kwa kuwa inatumia SVG, muundo wa wazi wa faili za michoro, na faili la SVG linafunguka kwenye programu nyingi. Pencil nayo ni ya bure na haitaki intaneti, ila masasisho yake ni ya nadra, nami nimeiacha.

Nahodha sasa ana ukurasa wake, na samawati yake ya kaskazi. Chini ya fomu aliomba mstari mmoja zaidi: siku za maji mafu, bahari inapojaa kidogo tu, mgeni apige simu kwanza. Juma lijalo naenda Shela kwa mama mmoja mwenye nyumba ya wageni ya vyumba vitano. Nina visanduku vitano tupu, na rangi sijachagua.